Punguzo la kodi kwa sola, pampu za joto na maboresho mengine ya nyumba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wanaoishi Marekani na kulipa kodi huko, wawe na nyumba yao au wamepanga. Sheria ilibadilika katikati ya mwaka 2025, na maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni ni ya kabla ya hapo. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Je, lile punguzo la asilimia 30 bado lipo?

Kwa kazi mpya, halipo. Sheria iitwayo One Big Beautiful Bill Act, iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, ilifikisha mwisho wa mapunguzo mawili makubwa ya nyumbani siku ya 31 Desemba 2025. Kabla yake, Inflation Reduction Act ya Agosti 2022 ilikuwa imepanga asilimia 30 ya sola iendelee hadi 2032, ndiyo maana vipeperushi vya zamani bado vinataja mwaka huo. Usivitegemee.

Aliyekamilisha kazi kabla ya tarehe hiyo hajapoteza kitu. Bado anaweza kudai kwenye ritani (fomu ya kodi ya mapato) ya mwaka husika, na hata kurekebisha ritani za nyuma (swali la 7). Naamini wapo wengi ambao pesa yao bado iko mezani, hasa waliobadilisha madirisha au hita ya maji bila kujua kwamba kuna kitu cha kudai.

2. Watu wanataja 25C na 25D. Tofauti ni nini?

Ni namba za vifungu vya sheria ya kodi, na kuvichanganya ndiko kunakozaa makosa mengi.

25D ni ya kuzalisha nishati: paneli za sola, hita ya maji ya sola, mtambo mdogo wa upepo, pampu ya joto la ardhini (pampu ya joto ni mtambo unaohamisha joto ili kupasha au kupoza nyumba) na, kuanzia 2023, betri. Ilikuwa asilimia 30 ya gharama kwa miaka ya 2022 hadi 2025, na kwa vitu hivyo haikuwa na kikomo cha dola.

25C ni ya kupunguza matumizi: insuleshoni (vitu vya kuzuia joto au baridi kupita kwenye kuta na dari), madirisha, milango ya nje, pampu za joto za hewa, viyoyozi na ukaguzi wa nishati. Nayo ilikuwa asilimia 30, lakini ina vikomo vya kila mwaka (swali la 11) na kanuni kali zaidi.

3. Je, serikali inanitumia hundi?

Hapana. Punguzo hukatwa kwenye kodi yenyewe. Ukidaiwa kodi ya dola 5,000 na una punguzo la dola 2,000, kodi inabaki dola 3,000. Ikiwa hudaiwi kodi yoyote ya mapato, hakuna pa kukata, na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, haikupi tofauti hiyo taslimu.

Hapa wengi huchanganya mambo mawili: kodi ya mwaka mzima na kiasi unachodaiwa mwezi wa Aprili. Tuseme kodi yenu ya mwaka ni dola 5,000, na mwajiri alishakata dola 5,500 kwenye mishahara. Bila punguzo mngerudishiwa dola 500, na mtu anaweza kusema, "Mimi sidaiwi, punguzo halinihusu." Linakuhusu. Kodi yako ni dola 5,000. Punguzo likiifuta yote, zile dola 5,500 zilizokatwa zinarudi kwako.

Kwa upande mwingine, wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja walikuwa na makato ya kawaida (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi) ya dola 31,500 kwa mwaka 2025. Kama mapato yao yote yalikuwa chini ya hapo, hawakuwa na kodi ya mapato ya kukatwa. Hao waende moja kwa moja kwenye swali la 18 na la 20.

4. Punguzo langu ni kubwa kuliko kodi yangu. Kinachobaki kinapotea?

Kwa 25C kinapotea. Kwa 25D kinasogezwa mwaka unaofuata. Mfumo wa sola wa dola 24,000 uliokamilika 2025 unatoa punguzo la dola 7,200. Ukiwa na kodi ya dola 5,000 na huna punguzo jingine, dola 2,200 zinahamia kwenye ritani ya 2026. Sheria ya 2025 ilizuia gharama mpya, lakini haikufuta kipengele kinachoruhusu salio kusogezwa.

Salio hilo halijisogezi lenyewe. Lazima ujaze Fomu 5695, fomu ya kudai mapunguzo haya, mwaka unaofuata na kuandika kiasi kilichobaki. Ukibadilisha mtayarishaji wa ritani, mpe nakala ya fomu ya mwaka uliopita, maana yeye hana namna ya kujua.

## Tarehe

5. Nililipa Desemba 2025, lakini mafundi walimaliza Januari 2026. Nahesabiwa?

Huhesabiwi, na hili ndilo jibu linalowaumiza watu kuliko yote humu. Kwa 25D, gharama huchukuliwa kuwa imetumika siku ufungaji ulipokamilika, wala si siku ulipolipa. Kwa 25C kifaa kinatakiwa kiwe kimefungwa na kuanza kutumika kufikia 31 Desemba 2025. Mkataba uliotiwa saini na malipo ya awali haviokoi.

Kama kazi ilikamilika Desemba kweli, tunza ushahidi wa tarehe: ankara ya mwisho, hati ya ukaguzi wa jiji au kaunti, barua ya kampuni ya umeme, hata picha za simu zenye tarehe.

6. Tulijenga nyumba mpya yenye sola, tukahamia mapema 2026. Je?

Kwa nyumba mpya, gharama ya 25D huhesabiwa siku mwenyewe anapoanza kuitumia nyumba. Mliohamia 2026 mmekosa, hata kama paneli zilikuwa juu ya paa tangu Oktoba. Na 25C haikuwahi kuhusu nyumba mpya. Ni ya nyumba ambazo tayari zipo.

7. Nilisahau kudai kwa mwaka 2023 au 2024. Nimechelewa?

Pengine bado. Ritani hurekebishwa kwa Fomu 1040-X, ukiambatanisha Fomu 5695 ya mwaka ule ule. Kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipowasilisha ritani, au miwili tangu ulipolipa kodi, kwa kufuata ile inayoishia mbele zaidi. Aliyewasilisha ndani ya muda wa kawaida ana hadi katikati ya Aprili 2027 kwa ritani ya 2023, Aprili 2028 kwa ya 2024 na Aprili 2029 kwa ya 2025.

Kila mwaka husimama peke yake. Kazi iliyokamilika 2023 haiwezi kudaiwa kwenye ritani ya 2025 kwa sababu tu ndiyo unayojaza sasa.

## Kinachohesabiwa

8. Gharama zipi za sola zinaingia kwenye asilimia 30?

Paneli, inveta, nyaya, vyuma vya kushikilia na ujira wa mafundi wa kuandaa eneo, kuunganisha na kufunga. Riba ya mkopo na ada za kuufungua haziingii. Vifaa viwe vipya; paneli zilizokwisha kutumika kwingine hazikubaliki.

9. Nilifunga betri peke yake, bila sola. Inakubalika?

Ndiyo, ikiwa ilifungwa kati ya 2023 na 2025 na ina uwezo wa angalau kilowati-saa 3.

10. Fundi aliniambia paa zima linahesabiwa kwa sababu paneli zitakaa juu yake. Ni kweli?

Si kweli. Mbao, kenchi na vigae vya kawaida ni sehemu ya nyumba, hata kama usingevibadilisha bila sababu ya sola. Vigae vya sola vyenyewe, vinavyozalisha umeme huku vikifunika nyumba, vinakubalika. Ukiona ankara iliyojumlisha paa na sola katika mstari mmoja, omba itenganishwe kabla hujajaza fomu.

11. Vikomo vya 25C ni vipi?

Kwa mwaka 2023, 2024 na 2025, kikomo cha jumla kilikuwa dola 1,200 kwa mwaka, na ndani yake kuna vikomo vidogo: madirisha yote dola 600, mlango wa nje dola 250 kwa mmoja na dola 500 kwa milango yote, kiyoyozi cha nyumba nzima dola 600, boksi kuu la umeme dola 600 (likiwa limewekwa ili kuwezesha kifaa kingine kinachostahili), ukaguzi wa nishati dola 150. Insuleshoni na kuziba mianya ya hewa havina kikomo chao, vinabanwa na zile 1,200 tu.

Kando ya hapo kulikuwa na dola 2,000 za pampu ya joto, hita ya maji inayotumia pampu ya joto, au jiko la kuni na vumbi la mbao lililofikia kiwango. Kwa hiyo aliyepanga vizuri alifikia dola 3,200 kwa mwaka mmoja, na aliyegawa kazi kwa miaka mitatu aliweza kurudia kila mwaka.

Angalia ujira. Kwa pampu za joto, viyoyozi na hita, ujira wa fundi unaingia. Kwa madirisha, milango na insuleshoni, ni bei ya vifaa peke yake. Kama ankara yako ya madirisha haijatenganisha vifaa na ujira, rudi kwa mkandarasi.

12. Ninahitaji nyaraka gani?

Huambatanishi risiti kwenye ritani. Unazitunza nyumbani IRS ikiziuliza. Tunza ankara, uthibitisho wa malipo na hati ya mtengenezaji inayosema kifaa kinastahili. Kwa ukaguzi wa nishati unahitaji ripoti ya maandishi kutoka kwa mkaguzi mwenye cheti.

Mwaka 2025 una jambo la ziada: kwa vifaa vingi vya 25C, Fomu 5695 inataka namba ya herufi nne ya mtengenezaji aliyesajiliwa na IRS. Insuleshoni na kuziba mianya havihitaji. Namba hupatikana kwenye kasha, kwenye tovuti ya mtengenezaji, au kwa aliyekuuzia.

## Nani anastahili

13. Mimi ni mpangaji. Ninaweza kudai?

Kwa baadhi ya vitu, ndiyo, mradi wewe ndiye uliyelipa na unaishi humo. Mpangaji aliyefunga pampu ya joto au hita ya maji anaweza kudai. Madirisha, milango na insuleshoni ni vya mwenye nyumba anayeishi ndani yake.

14. Nina nyumba nyingine ninayopangisha. Nayo?

Nyumba usiyoishi kabisa haistahili chini ya vifungu hivi viwili. Nyumba ya pili unayokaa sehemu ya mwaka inaweza kustahili kwa sola chini ya 25D.

15. Ninajaza kodi kwa ITIN (namba ya mlipakodi inayotolewa na IRS), sina namba ya Social Security. Ninazuiwa?

Vifungu vya 25C na 25D havina sharti la namba ya Social Security. Kuna mapunguzo mengine ya familia yenye sharti hilo, na nadhani hofu imetokea huko.

16. Nilinunua kwa mkopo na bado nalipa. Nidai kiasi nilicholipa tu?

Dai gharama nzima, ilimradi wewe ndiye mmiliki na una deni la bei yote. Riba haiingii (swali la 8).

17. Paneli si zangu, ni za kampuni. Nalipa kwa mwezi. Punguzo ni la nani?

Ni la kampuni, tangu mwanzo. Ukiwa na mkataba wa kukodi paneli au wa kununua umeme unaozalishwa juu ya paa lako, huna cha kujaza kwenye Fomu 5695.

Mikataba ya namna hii ndiyo inayosukumwa sana sasa, na ipo sababu. Kampuni zinatumia punguzo la kibiashara, ambalo kwa sola halikufungwa 2025: mradi unatakiwa uwe umeanza kujengwa kufikia 4 Julai 2026, au ukichelewa kuanza, uwe umewashwa kufikia mwisho wa 2027. Anayekuambia "asilimia 30 bado ipo" huenda anasema kweli kuhusu pesa yake, si yako. Muulize ni kiasi gani cha hiyo asilimia 30 kimeshuka kwenye malipo yako ya mwezi, kisha soma kifungu kinachopandisha malipo kila mwaka.

## Msaada mwingine uliobaki

18. Kuna ruzuku zisizotegemea kodi?

Zipo. Inflation Reduction Act ilitenga takriban dola bilioni 8.8 kwa programu mbili zinazoendeshwa na majimbo, na sheria ya 2025 haikuzifuta. Moja hulipa kulingana na umeme au gesi iliyookolewa. Nyingine hulipia vifaa, ikiwa na vikomo hivi: pampu ya joto dola 8,000, boksi la umeme dola 4,000, nyaya dola 2,500, hita ya maji ya pampu ya joto dola 1,750, insuleshoni na kuziba mianya dola 1,600, jiko la umeme dola 840; kwa nyumba moja isizidi dola 14,000.

Hii ya pili inaangalia kipato. Walio chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lao wanaweza kulipiwa gharama yote hadi kikomo. Walio kati ya asilimia 80 na 150 hulipiwa nusu. Wenye zaidi hawamo.

Kila jimbo lina ratiba yake: mengine yamefungua, mengine yamesimama. Uliza ofisi ya nishati ya jimbo lako, na uombe kabla ya kununua, kwa sababu hii ya vifaa hailipii kilichokwisha kufungwa.

19. Je, majimbo yana punguzo lao la kodi?

Baadhi. New York ina punguzo la asilimia 25 ya gharama za sola, lisizidi dola 5,000. Arizona ni asilimia 25, lisizidi dola 1,000. Massachusetts ni asilimia 15, nayo kikomo dola 1,000. Texas, ambayo haina kodi ya mapato ya jimbo, hufuata njia nyingine: thamani ambayo sola inaongeza kwenye nyumba inaweza kusamehewa kodi ya mali, lakini lazima uombe.

Kwa jimbo lako, tafuta hifadhidata ya DSIRE inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha North Carolina State. Ni bure, na haiuzi kitu.

20. Kipato chetu ni kidogo na hatudaiwi kodi. Hakuna chetu?

Kipo, na mara nyingi ni kizuri kuliko punguzo la kodi. Weatherization Assistance Program, iliyoanzishwa 1976, huleta mafundi kuziba mianya, kuweka insuleshoni na kukagua mitambo ya joto bila malipo kwa familia zilizo ndani ya asilimia 200 ya kiwango cha umaskini. Wapangaji wanaruhusiwa, kwa idhini ya mwenye nyumba. Foleni inaweza kuwa ndefu, ingia mapema. Kwa bili zenyewe za joto na umeme, ulizia LIHEAP, programu ya kusaidia familia zenye kipato kidogo kulipa bili hizo.

21. Kampuni ya umeme ilinipa ruzuku. Inapunguza punguzo langu?

Ndiyo. Ruzuku ya kununulia kifaa hutolewa kwenye gharama kwanza. Pampu ya joto ya dola 10,000 yenye ruzuku ya dola 1,500 inahesabiwa kama dola 8,500. Asilimia 30 yake ni dola 2,550, lakini kikomo kinakubakiza kwenye 2,000. Hapo ruzuku haikukugharimu kitu. Kwenye sola, isiyo na kikomo, ingekugharimu.

Malipo ya umeme unaourudisha kwenye gridi ni jambo tofauti na hayapunguzi chochote.

22. Na chaja ya gari la umeme nyumbani?

Iko kwenye kifungu kingine na Fomu 8911: asilimia 30, isizidi dola 1,000, kwa chaja zilizoanza kutumika kufikia 30 Juni 2026, na katika maeneo ya kipato cha chini au yasiyo ya mjini tu. Punguzo la magari yenyewe lilikoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya 30 Septemba 2025.

## Wauzaji na mikataba

23. Mwuzaji amepiga hodi akasema serikali itanilipia sola. Nimwamini?

Hakuna programu ya serikali kuu inayotuma wauzaji mlango kwa mlango. Mwombe aache mkataba uusome peke yako, na kama lugha ya mkataba inakushinda, tafuta mtu asiyelipwa na kampuni akusomee. Kutia saini kwenye tableti bila kuona kurasa zote ni mwanzo wa matatizo.

Ukiwa umeshatia saini nyumbani kwako, kanuni ya serikali kuu inakupa siku tatu za kazi kughairi, kwa mauzo mengi ya zaidi ya dola 25. Ghairi kwa maandishi.

24. Mkopo wangu wa sola unasema malipo yatapanda nisipolipa kiasi fulani mapema. Ni nini hicho?

Mikopo mingi ilipangwa kwa kudhani utapokea asilimia 30 kutoka IRS na kuiingiza kwenye mkopo, mara nyingi ndani ya miezi 18. Usipoiingiza, malipo ya mwezi hukokotolewa upya na kupanda. Aliyemaliza kazi 2026, au asiye na kodi ya kutosha, hana pesa hiyo ya kuingiza.

Ofisi ya serikali kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha ilionya Agosti 2024 kwamba ada zilizofichwa katika mikopo ya sola mara nyingi hupandisha gharama kwa asilimia 30 au zaidi juu ya bei ya taslimu. Kabla ya kukubali riba ya chini, uliza bei ya taslimu ni ngapi.

## Kesi za pembeni

25. Ninafanyia biashara nyumbani. Inabadilisha kitu?

Matumizi ya biashara yasipozidi asilimia 20, unadai kamili. Yakizidi, unadai sehemu ya makazi tu.

26. Nyumba ni yangu na kaka yangu, na sote tunaishi humo. Nani anadai sola?

Kila mmoja kwa kiasi alicholipa, kila mmoja na Fomu 5695 yake. Aliyelipa dola 16,000 kati ya 24,000 anadai asilimia 30 ya 16,000.

27. Nikiuza nyumba, nitarudisha punguzo?

Hurudishi. Ila unapokokotoa faida ya kuuza, gharama ya sola unayoongeza kwenye bei uliyonunulia nyumba inapungua kwa kiasi cha punguzo: sola ya dola 24,000 yenye punguzo la dola 7,200 inaongeza dola 16,800. Kwa wengi haina madhara, kwa kuwa faida ya hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, au 500,000 kwa wanandoa, husamehewa mkiwa mmeimiliki nyumba na kuishi humo miaka miwili kati ya mitano ya mwisho. Mwenye mkataba wa kukodi paneli ana kazi kubwa zaidi: mnunuzi lazima akubali kuurithi, au muuzaji aununue umalizike kabla ya kufunga mauzo.